Safari Yetu ya Siku Moja Kwenda Kwihara



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo, ndugu wazazi na wanafunzi wapendwa, walimu wa madrasa yetu wameniomba niandike jinsi familia yetu ilivyopanga safari ya siku moja ya kujifunza, ili familia nyingine nazo zipate pa kuanzia. Nilipoombwa nilidhani nitaandika habari za nauli, chakula na ratiba tu. Hayo nitayaandika. Lakini kuna swali moja ambalo mimi mwenyewe nililifuta kwenye daftari la watoto kabla hatujaondoka, na nisipolieleza hilo nitakuwa sijawaelezeni safari yenyewe.

KWA NINI KWIHARA

Ilikuwa likizo ya Desemba 2023, shule zimefungwa na maembe yameanza kuiva. Watoto wetu ni watatu: kijana wa kidato cha pili, binti wa darasa la sita na mdogo wao wa darasa la pili. Wote walitaka tuwapeleke Bagamoyo wakaone bahari. Mtoto wa jirani alikuwa amekwenda pwani kwa shangazi yake, akarudi na kombe mfukoni, na tangu siku hiyo nyumba haikuwa na mazungumzo mengine.

Tulikaa tukapiga hesabu ya nauli ya watu sita, kwenda na kurudi, na mahali pa kulala. Mume wangu ni fundi seremala na mimi nashona nguo nyumbani, kwa hiyo hesabu ile haikuchukua muda mrefu. Hapo ndipo mume wangu akawaambia watoto, "Bagamoyo ni mwanzo wa njia. Sisi tunakaa katikati ya njia hiyo hiyo. Mmeshawahi kuiona?" Wakatazamana. Hawakuwa wamewahi kuiona, na kusema kweli hata mimi niliyezaliwa Ng'ambo hapa hapa Tabora nilikuwa nimefika Kwihara mara moja tu, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi.

Ndugu msomaji, huenda nawe ni kama sisi. Njia ya misafara ilianzia pwani, Bagamoyo, ikapita Mamboya, Mpwapwa na Kilimatinde, ikafika kwetu Unyanyembe, kisha ikaendelea hadi Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, na ng'ambo ya ziwa hadi nchi ya Manyema iliyoko Kongo. Mwaka 2006 Tanzania iliviweka vituo sita vya njia hiyo katika orodha ya awali ya maeneo ambayo ingependa yawe urithi wa dunia chini ya UNESCO, na Kwihara ni kimojawapo. Watu wanatoka nchi za mbali kuja kupaona, na sisi tunapita karibu kila siku tukiwa na haraka ya sokoni.

Basi tukakubaliana: Bagamoyo tutakwenda Allah akitujaalia uwezo. Mwaka huu tutakwenda Kwihara, kusini-magharibi mwa mji, mwendo wa kilomita chache tu.

MAANDALIZI

Jambo la kwanza lilikuwa nia. Tuliwaambia watoto kwamba tunakwenda kutafuta elimu na kuona Uislamu ulivyofika kwetu, maana ulifika Tabora kwa njia hiyo hiyo, pamoja na wafanyabiashara waliotoka pwani na Unguja katika karne ya 19. Nilifurahia sana jambo hilo. Nilitaka watoto wangu waone fahari ya dini yao katika ardhi yao.

Jambo la pili, mume wangu alikwenda kwa baiskeli siku mbili kabla, peke yake. Alitazama hali ya barabara kwa kuwa mvua zilikuwa zimeanza, akaulizia saa za kufungua makumbusho na kiingilio, akatafuta mahali pa choo, maji, na kivuli cha kuswalia. Nawashauri wazazi wasiache jambo hili. Mtoto mdogo akibanwa na haja mahali msipopajua, safari yote huharibika.

Jambo la tatu lilikuwa usafiri na chakula. Tulikodi Hiace pamoja na familia ya dada yangu, tukagawana gharama nusu kwa nusu. Chakula tulipika nyumbani usiku: chapati, mayai ya kuchemsha, maharage mazito na chai kwenye chupa. Mama yangu, ambaye tunaishi naye na watoto wanamwita Bibi, alitoa matobolwa aliyokuwa ameyahifadhi, akasema viazi hivyo vilivyochemshwa na kukaushwa ndivyo chakula cha msafiri kisichomsaliti. Tulibeba mikeka miwili, birika la udhu, na dumu la maji la lita 20.

Jambo la nne lilikuwa swala. Kijana wetu wa kidato cha pili aliuliza kama tutapunguza swala, kwa kuwa tuko safarini. Baba yake akamwambia afungue daftari lake la fiqhi. Akasoma kwamba masafa ya kupunguza swala ni marhala mbili, kiasi cha kilomita 80 na zaidi. Akauliza marhala ni nini. Akaambiwa ni mwendo wa siku moja wa msafara. Akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Kumbe hata fiqhi inapima njia kwa misafara." Kwa hiyo tungeswali rakaa zetu nne kamili. Adhuhuri ingetukuta kwenye saa saba kasorobo, na Qibla kwetu Tabora ni kaskazini, ukielekea mashariki kidogo. Mdogo wao alipewa kazi ya kuikumbuka Qibla.

Jambo la tano lilikuwa maswali. Kila mtoto alitakiwa kuandika maswali atakayouliza, ili asiende kutazama kuta tu. Binti yangu aliandika matano kwa mwandiko wake mzuri. La kwanza lilihusu umri wa nyumba. La pili lilihusu uzito wa mizigo ya wapagazi. La tatu lilisema hivi: "Watumwa waliopita njia hii walitekwa na nani? Waliowateka walikuwa Waislamu?"

Nililisoma mara mbili. Kisha nikachukua kalamu nikalifuta kwa mistari miwili, nikamwambia, "Hilo siyo la safari hii."

SWALI LILILOFUTWA

Sikuwa na ubaya. Niliogopa. Niliogopa kwamba mtoto wa miaka 12 akisikia jibu ataanza kuionea haya dini yake. Niliogopa pia maneno ya mtaani, maana Tabora tunajuana. Hapa kwetu, ukiuliza sana habari za utumwa unaweza kuwa unamuuliza jirani yako habari za bibi yake.

Usiku ule mama alikuwa barazani anachambua mchele. Mama anasoma Qur'an vizuri sana, lakini herufi za Kizungu zinamsumbua macho, kwa hiyo akamwomba mjukuu wake amsomee maswali. Binti yangu akasoma la kwanza, la pili, la nne na la tano. Mama akasimamisha mkono. "Mjukuu wangu, baada ya pili huja nne?" Mtoto akanitazama. Mama naye akanitazama. Ikabidi nimwambie asome.

Alipomaliza kusoma, mama hakusema lolote. Aliendelea kuchambua mchele mpaka ukaisha. Baada ya Isha, watoto wamelala, akaniita chumbani kwake akasema, "Mwanangu, lile swali lirudishe. Lina mwenyewe humu ndani."

Ndipo akanieleza jambo ambalo katika miaka yangu 45 sikuwahi kulisikia. Bibi yake mama, yule aliyemlea na ambaye sisi tulikuwa tukimtajiwa kwa sifa ya kusomesha watoto Juzuu Amma, hakuzaliwa Tabora. Alitoka Manyema. Alitekwa akiwa mtoto, akavushwa ziwa, akatembezwa kutoka Ujiji hadi huku. Jina aliloitwa na mama yake mzazi alikuwa amelisahau; hili tulilomjua nalo alipewa njiani. Mambo aliyoyakumbuka yalikuwa machache: mashua, miti mingi, mwanamke aliyekuwa akimshika mkono ambaye siku moja hakuamka, na kiu. Zaidi ya yote ni kiu, kwa sababu maji aliyapata pale tu mtu mwingine alipotaka kumpa.

Nyumbani kwetu barazani pana mtungi wa maji na kata juu yake. Upo tangu sijazaliwa. Mpita njia yeyote hunywa bila kuomba. Nilidhani ni desturi ya mama tu, na sadaka yake. Mama akaniambia mtungi ule aliuanzisha bibi yake, na alimuusia kwamba usiachwe mtupu.

Nikamuuliza kwa nini hakutuambia. Akasema, "Nilikuwa na mabinti wanne wa kuoza." Ndugu msomaji, huenda jibu hilo halikuingii akilini kama hujakulia huku. Wazee walipokuja kuniposa waliuliza asili yetu. Marehemu baba alijibu, "Sisi ni watu wa Tabora," na shauri likapita. Mama aliliogopa swali hilo kwa kila binti. Alijua nyumba ambayo posa yake ilirudishwa kwa maneno kwamba watu wale hawajulikani walikotoka.

Nilimweleza mume wangu usiku huo huo, na sitaficha kwamba moyo ulikuwa ukinienda mbio. Alinyamaza. Kisha akasema, "Wazee wangu ndio waliouliza. Mimi sikuuliza." Halafu akaongeza kwamba babu wa baba yake alikuwa mpagazi aliyebeba pembe za ndovu hadi pwani kwa ujira, kama walivyofanya maelfu ya Wanyamwezi, na akasema, "Sijui nani alitembea nyuma yake amefungwa."

TULIVYOTAFUTA JIBU

Tuliona si sawa kujibu mambo ya dini kwa kukisia. Siku iliyofuata mume wangu alikwenda kwa ustadh na kumweleza swali lenyewe bila kutaja habari za mama. Ustadh alimjibu kwa utulivu, nami nayaandika kama nilivyoyapokea.

Kwanza, alisema, msiwaambie watoto kwamba wale watekaji hawakuwa Waislamu. Wengi wao walikuwa Waislamu, wakiswali na kufunga. Walikuwepo Waarabu, walikuwepo Waswahili wa pwani, na walikuwepo pia watawala na wapiganaji wa bara wasiokuwa Waislamu walioteka na kuuza watu. Mtoto akidanganywa katika hili, siku atakapojua atatia shaka hata yale ya kweli tuliyomfundisha.

Pili, mwambieni kwamba walidhulumu. Mtume (S.A.W.) ametuonya kwamba mtu anayemuuza aliye huru na kula thamani yake, Allah mwenyewe atakuwa mshitaki wake Siku ya Kiyama. Kuwaacha huru watumwa ni ibada kubwa; imo katika mafungu manane ya zaka na imo katika kafara za makosa. Bilal (R.A.), muadhini wa kwanza, alikuwa mtumwa aliyeteswa kwa ajili ya imani yake, na Abubakar (R.A.) akamnunua na kumwacha huru. Anayevamia kijiji chenye watu huru na kuwafunga ameiasi dini hiyo, hata akiwa amevaa kanzu.

Mume wangu akauliza, kama ni hivyo, mbona biashara ile ilidumu muda mrefu? Ustadh akasema, "Kwa sababu ilikuwa na faida, na watu walipenda faida kuliko walivyomcha Mungu. Hilo nalo waambieni, maana linawahusu hata leo."

Nilipoletewa majibu hayo nilimwita binti yangu, nikamwambia aandike upya swali la tatu. Aliniuliza, "Umekasirika mama?" Nikamwambia sikukasirika, nilikosea.

SIKU YENYEWE

Jumamosi tarehe 16 Desemba, mwanzoni mwa Jumada Thani 1445 Hijria, tuliswali Alfajiri pamoja, tukanywa chai, na saa mbili gari likafika. Mtoto mdogo ndiye aliyetuongoza katika dua ya safari kama alivyofundishwa madrasa. Mama alikuja na sisi. Alivaa baibui lake jeusi na kanga mpya juu ya mabega, na mkononi ameshika kata ya maji ya barazani.

Tulianzia stesheni ya reli. Tulitaka watoto wapime njia kwanza. Reli kutoka Dar es Salaam ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Kabla yake watu walitembea kwa miguu zaidi ya kilomita 800 kutoka pwani. Wale Waingereza wawili, Burton na Speke, waliondoka pwani mwishoni mwa Juni 1857 wakafika hapa, wakati huo pakiitwa Kazeh, tarehe 7 Novemba. Kijana wetu akahesabu kwa vidole na kusema ni zaidi ya siku 130. Mpagazi alibeba frasila mbili au karibu yake, yaani zaidi ya kilo 30. Tulikuwa na begi la vyombo na mikeka. Kila mtoto alilibeba kichwani kuzunguka gari, na mdogo hakumaliza hata mzunguko mmoja.

Njiani kuelekea Kwihara gari lilikwama kwenye tope. Tulishuka wote isipokuwa mama, watoto wakasukuma na kupakaa matope hadi magotini, na kelele za furaha zilikuwa nyingi kuliko za shida. Tulipita miembe mikubwa ya zamani. Wazee wa kwetu husema miembe mingi ya aina hiyo ilitokana na kokwa za watu wa misafara. Maembe yalikuwa yamedondoka chini, na mwenye shamba mmoja akaturuhusu kuokota. Tuliwakumbusha watoto kwamba embe la chini ya mti wa mtu haliliwi bila idhini yake.

NDANI YA TEMBE

Nyumba ya Kwihara ni tembe: kuta nene za udongo, paa bapa, vyumba vimezunguka ua wa katikati. Mlango wake ni wa mbao wenye nakshi, na mume wangu alisimama hapo muda mrefu akipitisha vidole kwenye michoro, mpaka tukamwita. Ndani pamewekwa ramani, picha na nakala za barua.

Huenda mtu akauliza, kwa nini watoto wa madrasa wapelekwe kwenye nyumba inayojulikana kwa jina la Livingstone, aliyekuwa mmisionari? Jibu ni kwamba nyumba za Kwihara zilikuwa za wafanyabiashara Waislamu, na historia iliyopita humo ni yetu sote. Stanley alikaa Kwihara mwaka 1871, njia ya Ujiji ikiwa imefungwa na vita vya Mirambo na Waarabu wa Tabora. Baada ya kukutana Ujiji, yeye na Livingstone walirudi hapa Februari 1872. Stanley aliondoka tarehe 14 Machi akiwa na barua na daftari la safari la mwenzake, na Livingstone alibaki akisubiri wapagazi hadi tarehe 25 Agosti. Alifariki Mei 1873 katika nchi ambayo sasa ni Zambia, na Waafrika waliofuatana naye, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, wakaubeba mwili wake kupitia hapa Unyanyembe hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Chuma mwenyewe alikuwa mtoto aliyekombolewa kutoka mikononi mwa wauza watumwa.

Mtunzaji wa makumbusho alieleza hayo kwa ufasaha. Kisha akauliza nani ana swali. Binti yangu akafungua daftari. Aliuliza la kwanza, la pili, halafu akanitazama. Nikatikisa kichwa kumkubalia. Akasoma la tatu.

Mtunzaji hakukwepa. Alieleza kwamba tarehe 15 Julai 1871, kule Nyangwe katika nchi ya Manyema, siku ya gulio, watu wa wafanyabiashara wa misafara waliwafyatulia risasi watu sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi na kwa maji ya mto Lualaba. Livingstone alikuwepo akaona kwa macho yake na kuandika. Habari hiyo ilipofika Uingereza iliongeza kelele dhidi ya biashara ile, na tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukataza kuwasafirisha baharini. Hata hivyo huku bara mateso yaliendelea miaka mingi baadaye, na sheria ya kukomesha utumwa Tanganyika ilitungwa mwaka 1922.

Aliposema Manyema, mama aliyekuwa amekaa kwenye kivuli cha ukuta akainuka. Akasema, "Mwalimu, niruhusu niwaambie hawa wajukuu zangu." Akawaambia. Hakurefusha. Aliwaambia bibi yake alipita njia hii akiwa mtoto, alitoka wapi, na kwamba mtungi wa barazani ni wake. Dada yangu, ambaye nilikuwa nimemweleza siku moja tu kabla, alijifunika uso kwa mtandio.

Mdogo wetu akauliza, "Bibi, alikuwa mkubwa kama mimi?"

"Kama wewe."

Alitazama miguu yake yenye matope. "Alikuwa na viatu?"

"Hakuwa navyo, baba."

Binti yangu aliuliza lile nililokuwa nikiliogopa. "Bibi, sasa kwa nini aliipenda dini yao?" Mama akamwambia, "Hakuipenda kwa ajili yao. Katika nyumba aliyotumikishwa alikuwepo mama mmoja, naye mtumwa, aliyekuwa akimfundisha sura fupi jikoni usiku. Bibi yangu alikuwa akisema kwamba katika kila kitu alichopewa hapa, hicho ndicho pekee hakuna aliyeweza kumwambia kirudishe. Alipokuwa huru akakishika, akawafundisha wengine." Kisha akaongeza, "Walioniletea mimi Uislamu ni hao wawili wa jikoni. Hao wengine hesabu yao iko kwa Mungu."

Nilikuwa nimekuja kuonyesha fahari ya dini yetu katika nyumba kubwa yenye mlango wa nakshi. Sikuwa nimefikiria jikoni.

Adhuhuri ilipoingia tulitandika mikeka chini ya mwembe. Mtoto alituonyesha Qibla, na alikuwa sahihi. Tulichukua udhu kwa zamu, mama akitumiminia maji kwa ile kata. Baada ya swala mume wangu alimwombea dua bibi wa Manyema, na mama yake ambaye hatumjui jina, na yule mwanamke wa njiani ambaye hakuamka.

Tuliporudi mjini kabla ya Alasiri, mama aliomba tupitie makaburini. Mtume (S.A.W.) ametuhimiza kuzuru makaburi kwa kuwa yanatukumbusha Akhera. Kaburi la bibi yake halina jiwe wala maandishi. Mama alilijua kwa mti. Kijana wetu alipima hatua kutoka kwenye mti hadi kaburini na kuziandika, ili Bibi asiwe peke yake anayepajua.

MAMBO YA KUZINGATIA

Kwa familia zinazotaka kufanya safari kama hii, nafupisha tuliyojifunza:

1. Wekeni nia pamoja na watoto, na waeleweni kwa nini mnakwenda.
2. Mtu mzima atangulie kupaona mahali: barabara, choo, maji na pa kuswalia.
3. Gawaneni gari na familia nyingine, na mpike nyumbani.
4. Pangeni saa za swala kwanza, kisha mpange mengine kuzizunguka.
5. Kila mtoto awe na daftari na maswali yake. Msiyafute.
6. Swali la dini msilolijua, mpelekeeni mwenye elimu kabla ya safari.
7. Kabla ya kwenda makumbusho, waulizeni wazee wa nyumbani. Huenda mnachokifuata kimekaa barazani kwenu.
8. Rudini na taka zenu zote.

Mama ameniruhusu niandike haya. Nilimuuliza mara tatu kama ana hakika, kwa sababu gazeti hili linasomwa na watu wanaotufahamu, na binti yangu naye, Insha-Allah, ataposwa siku moja. Alinijibu, "Atakayerudisha posa kwa ajili ya mtoto aliyetekwa akiwa darasa la pili, mwacheni arudi nayo."

Namuomba Allah (S.W.) awarehemu waliopita njia ile bila hiari yao, atusamehe tulionyamaza kwa hofu, na awajaalie watoto wetu elimu yenye manufaa na ujasiri wa kuuliza. Na ukipita Ng'ambo na kiu imekushika, mtungi upo. Karibu unywe.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.